Kutoka Windows 10 kwenda 11: njia tano za kulinda faili zako, na ipi ya kuitegemea

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo kazi moja inawarudia mafundi wa Kariakoo, wa Luthuli Avenue na wa kila mtaa wenye duka la kompyuta: "Nipandishie hii iwe Windows 11." Mteja huulizia bei na muda. Swali zito zaidi mara nyingi halimtoki mdomoni: picha za watoto, barua za kazi na hesabu za duka vitakuwa wapi kazi ikiisha?

Tunatathmini hapa njia tano ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzitumia bila kununua programu: kisakinishi cha Windows 11 pamoja na folda yake ya Windows.old, Windows Backup inayotegemea OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft), File History (inayohifadhi matoleo ya faili), Robocopy (amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows) na diski ya nje, na Rescuezilla (programu huria ya kunakili diski nzima). Tumezipima kwa maswali matatu. Inachukua faili zipi na kuziacha zipi? Ikikwama, inakwamia wapi? Na je, nakala iliyotoka unaweza kuichomeka kwenye kompyuta ya jirani ukafungua faili moja leo hii?

Jibu letu tunalitoa mapema ili mwenye haraka asipotee. Robocopy na diski ya nje ndiyo njia ya kwanza, kwa kila mtu. Rescuezilla iongezwe na yule mwenye programu asizoweza kuzisakinisha upya. Windows Backup ni nyongeza nzuri lakini haitoshi. File History ni ya kazi ya kila siku, haifai kuwa tegemeo la siku ya kupandisha. Windows.old usiihesabu kama bakapu hata kidogo.

Kisakinishi kinatunza, ukikichagulia sawasawa

Watu wengi huchanganya kupandisha na kupiga Windows, na hapo ndipo faili nyingi hupotelea. Kupandisha hufanyika ukiwa ndani ya Windows 10 iliyowaka: unafungua faili ya ISO ya Windows 11 (faili moja yenye kisakinishi kizima) uliyoipakua kwenye tovuti ya Microsoft, unaendesha setup.exe, na kabla usakinishaji haujaanza unaulizwa ubaki na nini. Machaguo ni matatu. "Keep personal files and apps" hubakiza faili na programu. "Keep personal files only" hubakiza faili na kuondoa programu. "Nothing" haibakizi chochote mahali pake. Chagua la kwanza. Lilivyotengenezwa ni zuri kweli: akaunti, nywila za Wi-Fi, printa na hata mpangilio wa ikoni kwenye skrini kwa kawaida vinahamia mfumo mpya bila kuguswa na mtu.

Ukikuta chaguo la kwanza limefifia halibofyeki, simama. Sababu ya kawaida ni lugha. Windows iliyosakinishwa kwa Kiingereza cha Marekani haitakubali kubakiza programu kwa ISO ya Kiingereza cha kimataifa, na laptopu za mtumba kutoka Ulaya mara nyingi zina msingi wa Kijerumani au Kifaransa hata kama menyu zinaonekana kwa Kiingereza. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi (Run as administrator) na uandike:

dism /online /get-intl

Soma mstari wa "Default system UI language". Ukionyesha en-US, pakua ISO ya "English (United States)". Ukionyesha en-GB, pakua ya "English International". Usikubali chaguo la pili eti kwa sababu la kwanza limegoma. Funga kisakinishi, tafuta ISO inayolingana, anza tena.

Kupiga Windows ni kazi nyingine kabisa. Kompyuta inawashwa kwa flashi, na kwa njia hiyo programu hazibaki. Kisakinishi cha toleo la 24H2 kinakutaka hata uweke alama ya kukubali kwamba faili, programu na mipangilio vitafutwa. Baada ya hapo unaonyeshwa orodha ya partisheni, yaani vipande ambavyo diski imegawanywa. Ukichagua ile yenye Windows ya zamani na kuendelea bila kuifomati, vilivyomo husukumwa kwenye folda ya Windows.old na bado vinapatikana. Lakini fundi aliyezoea kusafisha hufuta partisheni zote mpaka libaki neno "Unallocated", kisha anaendelea. Kwa kompyuta yenye SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) huo ndio mwisho wa habari. Amri ya TRIM huiambia SSD kwamba nafasi ile haina mwenyewe, nayo huisafisha. Programu za kufufua faili zilizokuwa zikiokoa watu kwenye diski za zamani za sahani hazikuti kitu. Ukipeleka kompyuta dukani, tamka wazi kwamba unataka kupandishiwa na hutaki kupigiwa Windows upya, na usiiache kabla hujawa na nakala yako nyumbani.

Je, kupandisha kwenyewe kunaweza kula faili? Kumewahi. Toleo la 1809 la Windows 10 lilianza kutolewa tarehe 2 Oktoba 2018, na siku chache tu baadaye Microsoft ikalisimamisha kwa sababu watu walikuta folda zao za Documents na Pictures tupu. Chanzo kilikuwa folda zilizohamishwa. Mtu aliyewahi kuelekeza Documents kwenda diski ya D alibaki na folda ya zamani kwenye C, na mara nyingine faili zake zilibaki humo humo. Microsoft iliandika msimbo wa kuondoa folda hizo za zamani ikidhani ni tupu, na faili zilizokuwamo zikaondoka nazo. Toleo lilirudi tarehe 13 Novemba mwaka huohuo likiwa limerekebishwa. Walioathirika walikuwa wachache mno ukilinganisha na waliopandisha. Ila kwa asiyekuwa na nakala, uchache huo haukumrudishia picha hata moja.

Sasa Windows.old. Baada ya kupandisha, mfumo wa zamani unawekwa kwenye folda hiyo ndani ya C, na una siku 10 za kurudi nyuma kupitia Settings, System, Recovery, Go back. Siku hizo unaweza kuziongeza hadi 60 kabla hazijaisha:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Fanya hivyo siku ileile, haigharimu kitu. Hata hivyo kasoro zake ni kubwa. Iko kwenye diski ileile, kwa hiyo diski ikifa vinakufa vyote. Inakula nafasi, mara nyingi zaidi ya GB 15, na mwenye SSD ya GB 128 atashawishika kuifuta. Na ukiendesha Disk Cleanup ukaweka alama kwenye "Previous Windows installation(s)", imekwenda.

Windows Backup: inafaa kwa mipangilio

Programu hii sasa inakuja ndani ya Windows 10 na 11, na Microsoft inaisukuma kama jibu la kila kitu. Inachofanya vizuri ni kukumbuka mipangilio, orodha ya programu na nywila za Wi-Fi, kisha kuvirudisha unapoingia kwa akaunti ileile ya Microsoft. Kwa faili, inategemea OneDrive, na nafasi ya bure ni GB 5. Folda ya picha za harusi moja inaweza kuzidi hapo.

Kasoro ya pili ndiyo inayoumiza zaidi huku kwetu. Windows Backup inaangalia Desktop, Documents, Pictures, Videos na Music. Downloads haimo. Fikiria nyaraka zako zinaingilia wapi: mkataba uliotumwa kwa WhatsApp, risiti ya benki, matokeo ya mtihani, cheti kilichoskaniwa na mtu wa steshenari. Karibu vyote hivyo hukaa Downloads kwa miaka, havihamishwi. Mtu anaona alama ya kijani ya "Backed up", anaridhika, na folda anayoitumia kuliko zote haikuguswa.

Iko na mtego mwingine. OneDrive inapowashwa kwa folda hizo, faili za Documents huhama kutoka C:\Users\jina\Documents kwenda C:\Users\jina\OneDrive\Documents. Anayekuja baadaye kunakili folda ya kwanza anakuta tupu na kudhani zimefutwa. Tena baadhi ya faili zinakuwa na ikoni ya wingu, maana yake jina lipo kwenye kompyuta lakini faili yenyewe ipo mtandaoni tu. Kabla ya kunakili chochote, bofya folda ya OneDrive kwa kitufe cha kulia, chagua "Always keep on this device", na usubiri mpaka ikoni zote ziwe duara la kijani lililojaa lenye tiki nyeupe. Kwa bando la simu jambo hili linaweza kumaliza GB nyingi, hivyo lifanyie mahali penye Wi-Fi ya uhakika.

File History tunaipitia kwa ufupi. Unachomeka diski ya nje, unaiwasha kwenye Control Panel, na kila saa inahifadhi matoleo ya faili zilizobadilika. Kwa mwandishi anayetaka kurudi kwenye rasimu ya juzi, hakuna kitu rahisi zaidi. Tatizo ni kwamba inachukua maktaba za Windows (Libraries), Desktop, Contacts na Favorites tu, na kila faili inaongezewa tarehe na saa kwenye jina, kwa hiyo bila programu yenyewe kurejesha ni kazi ya kuchambua mchele. Iwashe kwa matumizi ya kila siku. Kwa siku ya kupandisha, endelea kusoma.

Robocopy: mstari mmoja unaofanya kazi yote

Robocopy imo ndani ya Windows tangu Vista. Haina dirisha zuri wala vitufe, ndiyo maana wengi hawaijui. Ubora wake ni huu: nakala inayotoka ni folda za kawaida zenye faili za kawaida, zinazofunguka kwenye kompyuta yoyote, na mwishoni inakupa hesabu ya kila faili iliyopita na iliyokataa. Kunakili kwa kuburuta kwa kipanya hakukupi hesabu hiyo. Kukikwama katikati unabaki hujui kilichofika na kisichofika.

Chomeka diski ya nje. Tuseme imepewa herufi E, na akaunti yako inaitwa Asha. Tengeneza kwanza folda ya E:\Akiba, maana Robocopy haitaitengeneza kwa ajili ya daftari lake la kumbukumbu. Funga Outlook, kivinjari na programu za hesabu. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike yote kwenye mstari mmoja:

robocopy "C:\Users\Asha" "E:\Akiba\Asha" /E /XJ /R:1 /W:1 /FFT /TEE /LOG:"E:\Akiba\asha.txt"

Kila herufi hapo ina kazi yake. /E inachukua folda ndogo zote, hata tupu. /XJ inaruka njia za mkato za mfumo kama "Application Data", ambazo bila hiyo humzungusha Robocopy ndani ya folda zilezile mpaka diski ijae. /R:1 na /W:1 ni za lazima. Kwa kawaida Robocopy hujaribu faili iliyogoma mara 1,000,000 na kusubiri sekunde 30 kila mara, na hiyo ni karibu siku 347 kwa faili moja iliyofungwa. /FFT inaifanya isamehe tofauti ya sekunde 2 kwenye saa za faili, jambo linalohitajika kwa diski zilizofomatiwa kwa mtindo wa exFAT. /TEE inaonyesha kazi kwenye skrini huku ikiandika daftari.

Angalizo moja lenye uzito. Mtandaoni utakuta watu wakipendekeza /MIR. Hiyo hufanya diski ya nje ifanane kabisa na chanzo, pamoja na kufuta kilichopo upande wa pili ambacho chanzo hakina. Ukikosea ukageuza njia mbili hizo, au ukaielekeza kwenye folda yenye bakapu ya mtu mwingine, inafuta kimya kimya. Kwa kazi hii huihitaji.

Kazi ikiisha utaona jedwali dogo lenye safu za Total, Copied, Skipped, Mismatch, FAILED na Extras. Angalia FAILED kwenye mstari wa Files. Tuseme imeandika 3. Fungua asha.txt kwa Notepad, tafuta neno ERROR. Zikiwa NTUSER.DAT na UsrClass.dat pamoja na wenzao wenye .LOG, usiwe na wasiwasi: hizo ni kumbukumbu za mfumo zinazokuwa wazi muda wote akaunti ikiwa imeingia. Ikiwa ni faili ya .pst (barua za Outlook), .docx, .xlsx au ya hesabu yenye ERROR 32, maana yake kuna programu imeishikilia. Ifunge, rudia amri ileile. Robocopy itaruka zilizokwisha fika na kuchukua zilizobaki tu, kwa hiyo kurudia hakuchukui muda mrefu.

Kisha fanya uthibitisho ambao watu huuruka. Endesha amri ileile ukiongeza /L mwishoni na kubadili jina la daftari liwe asha2.txt. /L hainakili, inaorodhesha tu ambacho kingenakiliwa. Ukiona safu ya Copied ina sifuri, au faili chache za muda za kivinjari, nakala yako imekamilika. Baada ya hapo chomoa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue picha moja ya zamani, waraka mmoja na lahajedwali moja. Jina la faili kuonekana hakuthibitishi kwamba inafunguka.

Kuhusu muda: diski ya nje ya sahani kwenye tundu la USB 3.0 huandika takriban MB 100 kwa sekunde kwa faili kubwa, hivyo GB 100 za video ni kama dakika 17. Tundu la USB 2.0 hushuka hadi MB 30 hivi, na kazi hiyohiyo inakaribia saa nzima. Faili ndogo ndogo maelfu, kama za AppData, huchelewesha pande zote mbili. Kama diski imefomatiwa FAT32, faili yoyote ya GB 4 au zaidi itakataliwa, na video ndefu au sanduku la barua la Outlook hufika huko kwa urahisi. Ifomati exFAT au NTFS kabla hujaanza, ukiwa na hakika haina kitu.

Vinavyoachwa nyuma

Folda ya mtumiaji si kila kitu. C:\Users\Public ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo yenye madhara makubwa kwa wafanyabiashara: QuickBooks ya mezani huweka faili za kampuni humo ndani, na Tally nayo kwa kawaida huweka data yake kwenye Public. Irudie amri ya Robocopy kwa folda hiyo. Lakini kwa programu za hesabu usiishie hapo. Fungua programu yenyewe, tumia menyu yake ya bakapu, na uweke faili inayotoka kwenye diski ya nje. Faili iliyonakiliwa programu ikiwa wazi inaweza kufunguka vizuri kisha ikawa na miamala iliyokatika.

Kagua pia mzizi wa C na wa D. Watu hutengeneza folda kama C:\Kazi au D:\Scan, na hakuna programu ya kunakili folda itakayoziona usipozitaja.

Nywila za Chrome hazihami kwa kunakili folda. Faili inahama, lakini zimesimbwa kwa ufunguo unaofungamana na akaunti ya Windows uliyonayo, kwa hiyo kwenye Windows iliyopigwa upya hazisomeki. Washa usawazishaji wa akaunti ya Google, au zitoe kwa faili ya CSV kutoka kwenye mipangilio ya nywila. CSV hiyo ni maandishi ya wazi, kila anayeifungua anasoma kila kitu. Ifute mara tu ukishaingiza upande wa pili, na usiiache Downloads.

Anayetumia Sticky Notes kuandika namba za simu na madeni ajue kwamba karatasi hizo zote za njano zimo kwenye faili moja iitwayo plum.sqlite, ndani ya AppData\Local\Packages. Amri ya hapo juu inaichukua. Anayenakili kwa kuburuta Desktop na Documents hataipata.

Ufunguo wa tarakimu 48

Kuna njia ya kupoteza faili zote bila hata moja kufutwa. Laptopu nyingi za kisasa zimesimbwa kwa BitLocker au kwa Device encryption (ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo) bila mwenyewe kujua, na ukiingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) kuwasha TPM (chipu ya usalama) au Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) ili Windows 11 ikubali, kompyuta inaweza kuwaka na skrini ya bluu ikidai ufunguo wa kurejesha. Asiye nao hana njia ya kuzunguka. Kabla hujagusa BIOS, andika:

manage-bde -protectors -get C:

Ukiona mstari wa "Numerical Password" wenye tarakimu 48 katika mafungu 8, ziandike kwenye karatasi na uzipige picha kwa simu. Ufunguo huo pia huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuwasha usimbaji. Kwa laptopu ya mtumba, akaunti hiyo yaweza kuwa ya mwenye nayo wa kwanza, ambaye humjui wala humpati. Kisha simamisha ulinzi kwa muda:

manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0

Uwashe tena kwa -enable mambo yakishatulia. Ukipiga 24H2 upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, usimbaji mara nyingi hujiwasha wenyewe, kwa hiyo chukua ufunguo mpya siku hiyohiyo.

Rescuezilla: diski nzima kwenye faili

Hii ni programu huria unayoiwasha kutoka kwenye flashi. Flashi ya GB 4 inatosha, nayo inaandikwa kwa Rufus au balenaEtcher, programu za kuandaa flashi ya kuwashia kompyuta. Inachukua picha ya diski nzima, yaani nakala yake kamili, Windows ikiwa imelala, ikiwa na programu, leseni na partisheni zake zote. Mambo yakiharibika unairudisha kompyuta kama ilivyokuwa asubuhi ile. Dirisha lake lina vitufe vichache na maneno yanayoeleweka, tofauti na Clonezilla ambayo inafanya kazi ileile kwa menyu za maandishi. Inanakili sehemu zenye data tu na kuzibana, hivyo SSD ya GB 256 iliyojaa nusu haihitaji GB 256 upande wa pili.

Inakwama mahali pawili. Kwanza ni Fast Startup: Windows ikizimwa kwa kitufe cha kawaida haizimiki kabisa, inaacha diski katika hali ya nusu usingizi, na Rescuezilla inaweza kuikataa. Izime kompyuta kwa amri ya shutdown /s /t 0. Pili ni BitLocker: haiwezi kusoma ndani, kwa hiyo inanakili kila sehemu ya diski hata tupu, na picha inakuwa kubwa kama diski nzima. Anayetaka picha ndogo aondoe usimbaji kwanza kwa manage-bde -off C: na asubiri umalizike.

Kabla ya kuzima, tumia "Verify" kukagua picha. Na ukumbuke kwamba kurejesha hufuta kila kilichopo kwenye diski lengwa. Soma ukubwa na jina la diski mara mbili. Ndiyo maana tunaiweka ya pili: ni nzuri kwa kurudisha kompyuta nzima, ila kuchomoa waraka mmoja kutoka kwenye picha ni kazi ndefu kuliko kufungua folda ya Robocopy.

Diski yenyewe

Usinunue flashi ya "2TB" kwa bei ya chakula cha mchana. Nyingi zina kumbukumbu ndogo iliyodanganywa kutangaza kubwa. Unanakili, hakuna kosa linaloonyeshwa, na faili zilizozidi ukubwa halisi hazifunguki tena. Ipime na H2testw, programu ya bure inayojaza diski yote kisha kuisoma tena. Kwa TB 1 kwenye USB 3.0 tenga saa sita hivi.

Siku ya kazi

Hakikisha kwanza mashine inakubalika: TPM 2.0 (andika tpm.msc uone), RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu au ya AMD inayolingana nayo. ThinkPad T470 yenye i5-7300U haimo. T480 yenye i5-8350U imo. Isiyokubalika isilazimishwe haraka haraka. Kwa kompyuta za nyumbani Microsoft ilitoa mpango wa masasisho ya ziada ya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026, nawe hujiandikisha kwenye ukurasa wa Windows Update.

Kama diski yako bado ni ya MBR, mtindo wa zamani wa kupanga partisheni, itabidi igeuzwe GPT, mtindo wa kisasa, kabla BIOS haijahamishiwa UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta. Kagua kwa mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS. Ikisema imefaulu, fanya ugeuzaji baada ya bakapu, kamwe si kabla.

Acha GB 30 wazi kwenye C. Laptopu iwe na chaji na iwe kwenye umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS isubiri saa ambazo umeme hautikisiki. Chomoa diski ya nje kabla ya kuendesha setup.exe, ili isiwepo kabisa kwenye orodha ya diski mtu atakapokosea. Kwenye SSD tegemea kama saa moja, kwenye diski ya sahani tatu au zaidi. Ikisimama kwenye asilimia ileile kwa dakika 40 huku taa ya diski ikiwaka, iache. Kuizima kwa nguvu katikati ndiko kunakoleta hasara.

Windows 11 ikishafunguka, usiichomeke diski ya nje mara moja. Angalia kwanza Documents, Downloads na Public kama zina faili zake, fungua Outlook, fungua programu ya hesabu na uone muamala wa mwisho. Kukiwa na pengo, tazama C:\Windows.old\Users kabla ya kurejesha chochote, kisha chukua faili moja moja kutoka E:\Akiba. Folda hiyo ikae kwenye diski ya nje bila kuguswa angalau mwezi mzima, mpaka hesabu za mwisho wa mwezi ziwe zimefungwa kwenye mfumo mpya.